Tovuti ya Shule na Msomaji Asiyeiona

Mwanachuo aliyekwisha kwenda mazoezi ya kufundisha japo mara moja anaijua kasoro hii, maana wakufunzi huiandika mara kwa mara katika maoni yao. Mwalimu huandika ubaoni, hugeuka nusu, huonyesha kwa kidole na kusema: "Kama mnavyoona hapa, hiki tukijumlisha na hiki tunapata hiki." Kwa wanafunzi wanaoona vizuri somo linaendelea. Kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu aliyeketi dawati la tatu, na kwa yule asiyeona kabisa, somo limesimama. Hakuna lililosemwa, maana yote imo katika kidole cha mwalimu.

Makala haya yanahusu tovuti, wala hayahusu ubao. Nimeanza na ubao kwa sababu kosa ni lile lile, na aliyekwisha kulitambua la kwanza atalitambua la pili bila taabu. Tovuti nyingi za shule na vyuo huonyesha kwa kidole. Maana yake imewekwa katika ukubwa wa herufi, katika rangi, na katika mahali kitu kilipokaa. Asiyeyaona hayo haambiwi chochote. Nitajaribu kueleza jinsi mfumo wa kusimamia maudhui unavyofanya kazi, pale unapomsaidia mwalimu, na pale unapomwachia kazi ambayo mashine haiwezi kumfanyia.

MFUMO WA KUSIMAMIA MAUDHUI

Katika miaka ya kwanza ya mtandao, aliyetaka kuweka tangazo katika tovuti ilimpasa aliandike kwa lugha ya alama iitwayo HTML, kisha alipeleke katika kompyuta inayohifadhi tovuti, yaani seva. Ilikuwa kazi ya mafundi. Mfumo wa kusimamia maudhui ulibadilisha hali hiyo. Siku hizi mwandishi huingia kwa jina lake na neno la siri, huchapa kichwa cha habari, huchapa maelezo, hutia picha, kisha hubonyeza kitufe cha kuchapisha. Mfumo wenyewe huandika alama za HTML, huyaweka maneno katika hifadhidata, na huyavika sura iliyochaguliwa kwa tovuti nzima.

Mwanachuo ataelewa vizuri akiikumbuka karatasi ya andalio la somo. Vichwa vyake vimekwisha kupigwa chapa: mada, malengo, zana, hatua za somo, tathmini. Mwalimu hujaza tu. Hahitaji kupiga mistari upya kila siku, na mkaguzi afikapo anajua pa kutazama. Mfumo hufanya vivyo hivyo, kwa sharti kwamba kila kitu kijazwe mahali pake. Mwalimu akiandika malengo katika nafasi ya zana, karatasi haitamzuia. Mfumo nao haumzuii.

Mifumo ya namna hii iliyo maarufu ni Drupal, iliyotolewa mwaka 2001, WordPress ya mwaka 2003, na Joomla ya mwaka 2005. Yote mitatu hupatikana bila malipo. Hapa nchini tunao mfano mkubwa. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri za Tanzania Bara zilipata tovuti zilizojengwa juu ya mfumo wa pamoja, chini ya Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ilifanywa kuwa Mamlaka. Tangu hapo afisa habari wa halmashauri, awe Serengeti au Tarime, huchapa tangazo mwenyewe pasipo kumwita fundi kutoka mjini. Shule na vyuo vinafuata njia hiyo hiyo, na kazi ya kuitunza tovuti aghalabu hupewa mwalimu kijana aliyetoka chuoni karibuni, kwa dhana kwamba vijana wanazijua kompyuta. Ndugu mwanachuo, huenda kazi hiyo ikawa yako.

Mifano nitakayoitoa ni ya WordPress, kwa kuwa ndiyo itumikayo zaidi duniani, na ndiyo tunayofanyia mazoezi. Anayetumia mfumo mwingine atayakuta mambo haya haya kwa majina tofauti kidogo.

ASIYEONA HUSOMAJE TOVUTI?

Hutumia programu iitwayo kisoma-skrini, ambayo huyasoma kwa sauti yaliyomo katika ukurasa. Katika simu nyingi za Android programu hiyo huitwa TalkBack, nayo imo ndani ya simu tayari, ikingoja kuwashwa. Katika kompyuta za Windows iko NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, akaungana naye James Teh, wote wawili wakiwa watu wasioona. NVDA hutolewa bure, na sauti inayokuja nayo inakijua Kiswahili.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba msomaji huyu hasikilizi ukurasa tangu mwanzo hadi mwisho. Hufanya kama wewe ufanyavyo na gazeti: hupitia vichwa kwanza, kisha husimama panapomhusu. Akitumia NVDA akabonyeza herufi H, programu humpeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata. K humpeleka kwenye kiungo, T kwenye jedwali, G kwenye picha. Ndiyo kusema kwamba programu inapaswa kujua kipi ni kichwa na kipi ni jedwali. Haivitambui kwa macho. Huvitambua kwa alama za HTML ambazo mfumo umeziandika, na mfumo huandika kile ambacho mwandishi ameuambia.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Muhula mmoja nilimwomba mwalimu wa shule ya msingi, asiyeona tangu utotoni, aje kuisikiliza tovuti ambayo wanachuo wangu walikuwa wameitengeneza. Tulijivunia tovuti ile, nami nilikwisha kuipa alama nzuri. Mwalimu huyu hupokea wanachuo wetu wakati wa mazoezi, hivyo alitaka kitu kimoja tu: ratiba, apate kujua ni nani atafika kwake na siku gani. Alipofungua ukurasa, hatukuelewa neno hata moja, kwa sababu Kiswahili chetu kilisomwa kwa matamshi ya Kiingereza. Alibonyeza H, programu ikajibu kwamba hakuna kichwa kingine. Akaupitia ukurasa kipande kwa kipande mpaka ikatamkwa: "Picha", halafu herufi tatu na namba nne, yaani jina la faili kama lilivyotoka katika kamera ya simu. Alisubiri kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mkufunzi, hiyo ndiyo ratiba yenyewe?"

Ndiyo ilikuwa ratiba yenyewe. Tulikuwa tumeipiga picha karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Akatueleza kwamba mwaka uliotangulia alisomewa tarehe na mtoto wake, mtoto akaruka mstari, na mwanachuo akafika darasani siku ambayo hakutarajiwa na wala hakutayarishiwa kipindi. Kwake yeye ratiba ilikuwa kazi yake ya wiki, na sisi tuliifungia ndani ya picha.

LUGHA YA UKURASA

Kosa la kwanza lilikuwa jepesi kuliko yote, na lilikuwa limeuharibu ukurasa mzima. Kila ukurasa wa tovuti hubeba alama ya lugha yake. Alama ya Kiswahili ni herufi mbili, sw. Ya Kiingereza ni en. WordPress inapowekwa bila kubadilishwa chochote, huwa ya Kiingereza, na kisoma-skrini huamini hivyo. Basi neno "wanafunzi" hupita katika kinywa cha Mwingereza na kutoka likiwa halitambulikani. Dawa yake iko katika mipangilio ya jumla, mahali pa lugha ya tovuti: chagua Kiswahili, kisha hifadhi. Ni kazi ya dakika moja.

Ukitengeneza ukurasa wa somo la Kiingereza ndani ya tovuti ya Kiswahili, chagua maneno ya Kiingereza na uyatambulishe kuwa ya lugha hiyo. Mhariri wa WordPress wa siku hizi ana nafasi ya jambo hilo. Usipofanya hivyo mwanafunzi atajifunza matamshi yasiyokuwapo popote duniani.

VICHWA VYA HABARI

Hapa ndipo wanachuo hukosea zaidi, na hukosea kwa nia njema. Wakitaka kichwa kidogo ndani ya makala, huandika maneno, huyakoleza wino, labda huyakuza, basi. Kwa jicho hicho ni kichwa. Kwa mfumo ni aya fupi yenye wino mzito. Kichwa halisi huwekwa kwa kuchagua kipande cha "kichwa" katika mhariri na kukipa ngazi yake. Kichwa cha ukurasa, yaani kile unachokichapa juu kabisa, kwa kawaida huwa cha ngazi ya kwanza. Kwa hiyo sehemu kuu za makala hupewa ngazi ya pili, na vijisehemu vyake ngazi ya tatu. Ngazi zisirukwe kwa sababu tu maandishi ya ngazi ya nne yanapendeza. Ukubwa wa herufi ni kazi ya sura ya tovuti, nao hubadilishwa huko mara moja kwa kurasa zote.

Mwalimu anayejua kupanga somo hatapata shida hapa. Mada kuu, mada ndogo, hatua: mpangilio ambao angeuandika katika andalio ndio huo huo. Nimeona kwamba mwanachuo ambaye andalio lake limevurugika, na vichwa vya ukurasa wake huvurugika vivyo hivyo.

PICHA NA MAELEZO YAKE

Kila picha inapopandishwa katika WordPress, hutokea nafasi ya kuandika maelezo mbadala. Maneno hayo hayaonekani katika ukurasa, lakini kisoma-skrini huyasoma mahali pa picha. Mfumo hauwezi kuyatunga kwa busara, kwa kuwa haujui picha imewekwa kwa ajili gani. Ajuaye ni mwalimu.

Tuchukue ramani ya Mkoa wa Mara katika somo la jiografia. Mwanachuo mmoja aliandika: "Ramani ya Mara." Ni kweli, lakini ni kweli isiyofundisha. Ikiwa somo linahusu mito, maelezo yangefaa kusema: "Ramani ya Mkoa wa Mara. Mto Mara unaingia kutoka upande wa Kenya, unapita Hifadhi ya Serengeti, kisha unaelekea magharibi kati ya wilaya za Tarime na Serengeti hadi Ziwa Victoria." Ikiwa somo linahusu mipaka, ramani ile ile itaelezwa kwa namna nyingine: Kenya kaskazini, Tarime ikipakana nayo, Ziwa Victoria magharibi, Serengeti kusini mashariki. Kuandika maelezo mbadala ni kujiuliza, "Picha hii inafundisha nini?" Mara nyingi nimewaona wanachuo wakigundua, baada ya kujiuliza, kwamba picha waliyoitia haifundishi chochote, wakaiondoa. Picha ya pambo tu huachwa bila maelezo, ili msomaji asicheleweshwe.

Maelezo yakihitaji kuwa marefu mno, kama ya mchoro wa moyo wa binadamu wenye sehemu nyingi, yaandikwe ndani ya makala yenyewe, kila mtu ayasome.

RATIBA, MATOKEO NA MATANGAZO

Narudi kwenye ratiba yetu. Tuliichapa upya kama jedwali, kwa kipande cha jedwali kilichomo katika mhariri, tukawasha safu ya vichwa: jina la shule, tarehe ya kuanza, somo, idadi ya wanachuo. Safu hiyo ikiwashwa, kisoma-skrini kinapoingia katika chumba cha jedwali husema pia chumba hicho ni cha nini. Msomaji hasikii namba tupu. Husikia "Tarehe ya kuanza" na tarehe yenyewe. Jedwali lisitumike kwa kupanga picha ubavuni mwa maandishi, maana litasomwa kama jedwali na kumchanganya msikilizaji.

Jambo la faili za PDF lataka kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo desturi ya ofisi nyingi. Barua huchapwa kwa kompyuta, hutolewa kwenye karatasi, hutiwa sahihi na muhuri, kisha hupigwa picha kwa mashine na kupandishwa katika tovuti. Faili lile ni picha. Kisoma-skrini hakikuti herufi ndani yake. Naelewa umuhimu wa sahihi na muhuri, na simwombi mtu aviache. Nasema tu kwamba maneno ya barua yalikwisha kuchapwa mara moja katika kompyuta, na kuyanakili katika ukurasa ni kazi fupi sana. Faili lenye muhuri liwekwe chini yake kwa atakayelihitaji.

Faida haiishii kwa wasioona. Tangazo la maneno 200 likiandikwa kama maneno huchukua takriban kilobaiti 2. Karatasi hiyo hiyo ikipigwa picha kwa simu huweza kufika megabaiti 3, yaani zaidi ya mara 1,000. Mzazi wa Morotonga aliyenunua kifurushi kidogo anakilipia kila kipande cha picha ile, na mtandao ukizorota haitafunguka kabisa.

RANGI, VIUNGO NA FOMU

Katika shule zetu wamo watoto wenye ualbino, na karibu wote wana uoni hafifu. Mwanga mkali huwaumiza macho. Wengi wao hawatumii kisoma-skrini. Wao hukuza maandishi. Kwa hiyo ukurasa uvumilie kukuzwa hadi asilimia 200 bila maneno kupandana au kukatika, na rangi ya herufi itofautiane vya kutosha na rangi ya nyuma. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa maudhui ya tovuti, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999 na toleo la 2.2 Oktoba 2023, inataka tofauti isiyopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Ziko tovuti za bure za kupima jambo hilo. Kijivu chepesi juu ya nyeupe, ambacho wabunifu hukipenda sana, hushindwa mara nyingi, na njano juu ya nyeupe hushindwa daima. Mzazi anayesoma simu yake juani mnadani atakushukuru pia.

Rangi peke yake isibebe maana. "Waliofaulu wako kwenye kijani" ni sawa na kidole cha mwalimu ubaoni.

Viungo navyo viseme viendako. Msomaji asiyeona huweza kuomba orodha ya viungo vyote vya ukurasa. Akisikia "bofya hapa" mara tisa, hajui lipi ni lipi. Andika "Pakua fomu ya kujiunga". Katika fomu, kila nafasi iwe na jina lake lililoandikwa juu yake na kubaki pale. Maandishi mepesi yanayotoweka mtu anapoanza kuchapa hayatoshi.

Sura ya tovuti ichaguliwe kwa uangalifu. Katika ghala la sura za WordPress kuna kichujio cha kuonyesha zile zilizopimwa kuwa tayari kwa ufikivu, anzia hapo. Kuna pia programu jalizi zinazodai kuirekebisha tovuti nzima kwa kubofya mara moja. Mimi siziamini. Programu hiyo haiwezi kujua ramani yako inafundisha mito au mipaka.

KUJIPIMA

Kabla ya kuchapisha, weka kipanya pembeni. Bonyeza kitufe cha Tab mfululizo uone kama unafika kwenye kila kiungo na kila nafasi ya fomu, na kama unaona mahali ulipo. Kisha washa TalkBack au NVDA, funga macho, ujaribu kutafuta jambo moja mahususi, kama tarehe ya kufungua shule. Mara ya kwanza jambo hili huchosha na hata kuudhi. Usikate tamaa dakika ya pili.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, katika ibara yake ya 9 unaitaja intaneti kwa jina miongoni mwa mambo ambayo watu wenye ulemavu wana haki ya kuyafikia. Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Mwanachuo atakayeambiwa na mkuu wake wa kazi kwamba mambo haya ni anasa anaweza kuyataja hayo kwa adabu.

Kujipima mwenyewe, hata hivyo, hakutoshi. Baada ya wiki tatu za marekebisho tulimwalika tena yule mwalimu. Kiswahili kilisomwa kama Kiswahili. Alibonyeza H mara mbili, akafika kwenye ratiba, akaingia ndani ya jedwali na kuitaja tarehe yake mwenyewe. Wanachuo walifurahi. Halafu akasema angependa kuipigia ofisi simu kuuliza habari za somo la mwanachuo wake, akaanza kuitafuta namba. Aliitafuta ukurasa mzima, juu hadi chini, hakuipata. Namba ya simu tulikuwa tumeiandika ndani ya picha ya nembo ya chuo, na katika maelezo mbadala tulikuwa tumeandika neno moja: "Nembo".